Fito za Nyumba ya Ikran

Bunduki haikuwepo.

Godana alipapasa tena juu ya uchaga, nyuma ya kibanda cha ndama. Akashusha mikeka ya akiba, akashusha kamba, akashusha kibuyu kilichopasuka ambacho hakuna aliyewahi kuwa na moyo wa kukitupa. Mzigo wa fito ulikuwa umetoweka wote. Na katikati ya mzigo ule, imeviringwa kwa ngozi ya fahali na kupakwa samli isishike kutu, ndimo alimokuwa ameificha.

"Mumina!"

Mkewe alitokea upande wa zizi, mikono ina povu la maziwa.

"Fito zilizokuwa hapa juu ziko wapi?"

"Zile za akiba? Si nilimpa Ikran."

"Ulimpa Ikran."

"Bibi harusi atajengaje bila fito za mamake? Ulitaka aende kuazima kwa watu, huko Nanighi kwa mumewe wote wacheke?"

Godana akakaa chini, palepale kwenye mavi ya ndama. Mumina akamtazama. Mumewe hakuwa mtu wa kukaa kwenye mavi.

Kwa Waorma nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayezipinda fito, anayezifunga, anayezivika mikeka, na watu wakihama ni yeye anayeibomoa na kuipakia. Msichana akiolewa, mamake humkatia sehemu ya nyumba yake, fito na mikeka, akaanzie maisha. Hili kila mtu alilijua, na Godana alilijua tangu hajaota ndevu. Lakini siku ya kuficha bunduki hakufikiria harusi. Alifikiria askari tu, akajiambia: nani atapekua mzigo wa fito za wanawake?

"Kuna kitu ndani yake," alisema.

"Kitu gani?"

Mumina akajifuta mikono kwenye gauni, polepole, kidole kwa kidole.

"Godana. Usiniambie ni ile."

"Ni ile."

"Uliniambia imekwenda!"

"Nilisema imekwenda. Sikusema imekwenda wapi."

"Kwa hivyo mimi niliimba," Mumina alisema, na sauti yake ilianza kupanda. "Nilipanda juu ya lori la harusi nikaimba na wenzangu mpaka kwenye kizuizi cha barabara, askari wakapiga makofi, na mwanangu amekalia AK!"

"Punguza sauti."

"Nipunguze nini? Ungeniambia, ningejua fito ipi nisitoe!"

"Mambo ya silaha hayaambiwi wanawake."

"Haya," alisema Mumina. "Sasa waambie hao wanaume wenzako wakaitoe."

*

Bunduki hizi hazikuota kama uyoga baada ya mvua. Kila mtu wa Tana anakumbuka mwaka ule wa mapigano, nyumba za majirani zikichomeka ng'ambo hii na ng'ambo ile, Mpokomo akimzika mwanawe, Mworma akimzika wake, na msaada ukiwasili watu wakiwa wameshamaliza kuchimba makaburi. Tume ikaundwa. Tume ikala posho. Mtu aliyeuza fahali wake akanunua chuma hakukinunua kwa ujeuri, alinunua usingizi. Waliosahau ni wale tu ambao hawakuwa na cha kukumbuka.

Sasa kanuni zilikuwa zimebadilika. Naibu chifu, kijana mmoja aitwaye Wario, alikuja Jumatatu na kipaza sauti akasimama karibu na kisima. Vibali vyote vya zamani, alisema, vimekufa, hata vya waliokuwa polisi wa akiba. Bunduki za kivita, zile za kumimina risasi, hakuna raia atakayepewa leseni yake tena, awe nani. Ziko kwenye orodha ya marufuku. Msamaha upo mpaka Ijumaa jua likizama: leta, weka mezani, hakuna swali. Baada ya hapo ni msako, nyumba kwa nyumba.

"Na ikipatikana ndani ya nyumba," Wario alisema, "sheria haitatafuta aliyeinunua. Itamshika mwenye nyumba."

Wanaume waliosikiliza waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyewaza kwamba katika boma zima hakuna mwanamume hata mmoja mwenye nyumba.

Godana alikuwa ameichoka bunduki yake. Ilimfanya aamke kila mbwa anapobweka. Siku ileile alimfuata Wario pembeni akamwambia anayo, ataileta. Wario akampa mkono kwa mikono miwili na kumwita mzee wa kupigiwa mfano, na jina lake likapelekwa Garsen.

Sasa mfano wenyewe ulikuwa hauna kitu mkononi.

*

Hema la kamati ya silaha lilikuwa limesimamishwa uwanjani Garsen, na jua la adhuhuri lilikuwa limepunguza kivuli chake mpaka kikawatosha wenye meza tu. Godana alisubiri nje, amechuchumaa. Mbele yake alikuwa Sadik, tajiri wa maghala ya unga, ambaye alikuwa na bastola ya leseni. Sadik aliletewa kiti. Akaletewa soda. Akaelezwa kwa upole kwamba kanuni mpya zinamtaka afanyiwe uchunguzi upya, apimwe akili na daktari, alete picha ya kasha la chuma anamoihifadhi, na asiwe na haraka, kwani wenye leseni wamepewa miezi ya kujipanga.

"Mnatusumbua kweli," Sadik alisema.

"Samahani sana, bwana mkubwa," walisema.

Kisha wakamwita Godana, wala kiti hakikuletwa. Aliyeketi mezani aliitwa Kalama, kijana wa Kigiriama mwenye macho ya mtu aliyelala vibaya.

"Mzee wangu, jina lako ninalo. Mali iko wapi?"

"Hiyo kitu iko," alisema Godana. "Lakini leo haiko hapa."

Kalama akaweka kalamu chini. "Iko, lakini haiko."

"Ndiyo."

"Iko wapi, mzee?"

"Iko mbali kidogo."

Mtu mmoja nyuma ya hema akacheka. Mkubwa wao, aliyekuwa akitafuna mirungi kwenye kona, akasema bila kugeuza shingo, "Ameuza huyo. Akisikia msamaha anaweka jina, halafu usiku anawauzia wezi wa ng'ombe. Hawa watu wa ng'ombe tunawajua."

"Mimi sijauza!"

"Basi ilete."

"Kama iko kwa mtu mwingine," Godana alisema, "mtu ambaye hajui. Huyo mtu, mnamfanya nini?"

"Mtu gani?"

Godana akatazama viatu vyake. Alijiona mjinga, mtu wa ndevu nyeupe anayeuliza maswali kama mwizi wa kuku. Mkubwa akanyoosha mkono. "Kitambulisho." Akakichukua, akakitupa kwenye droo. "Ukileta bunduki utakipata. Usipoleta, Ijumaa jioni tutakufuata wewe na wote wa damu yako."

Kalama alimsindikiza mpaka kwenye kamba za hema. "Mzee," alinong'ona, "kokote iliko, ipelekwe hema lililo karibu nayo. Si lazima hapa. Lakini usiibebe barabarani bila kitambaa cheupe, watakumaliza. Itolewe risasi, ifungwe kitambaa cheupe, ionekane."

*

Aliporudi bomani alimpigia simu mkwewe, mume wa Ikran. Mukhtar alikuwa Madogo, amepeleka mafahali mnadani, na nyuma yake kulisikika mbuzi na madalali.

"Aba! Habari ya Garsen?"

"Nzuri. Mvua?"

"Hakuna. Malisho?"

"Yapo kidogo. Ng'ombe?"

"Wazima. Watu wote wazima?"

"Wazima." Godana akashusha sauti. Simu zina masikio, hilo alilisadiki. "Mukhtar. Ile nyumba. Imesimama vizuri?"

"Imesimama, alhamdulillahi."

"Na fito... fito zilitosha?"

Mnada ukaendelea kupiga kelele peke yake. "Aba," alisema hatimaye, na heshima katika sauti yake ilikuwa imekaza kama kamba yenye maji, "kama ni wale mitamba waliobaki, nilisema nitawaleta baada ya mnada. Mimi si mtu wa kukimbia mahari."

"Si mitamba!"

"Baba mkwe akiulizia fito, anaulizia mitamba. Nimeelewa. Utawapata."

Simu ikakatika. Mumina, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alikuwa ameshavaa buibui na viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Nanighi."

"Huwezi. Hujaitwa."

Ilikuwa kweli. Mama haendi nyumba mpya ya bintiye mpaka aitwe, na kwa kawaida huitwa kwa mtoto wa kwanza. Akienda kabla, maana yake ni moja: amekwenda kumchukua. Kuna ndoa zimevunjika kwa sababu mama alipitia tu kuomba maji.

"Na askari wakienda," aliuliza Mumina, "hao watasubiri waitwe?"

*

Mumina alifika Nanighi Alhamisi asubuhi, baada ya kulala kwa jamaa Hola na kushushwa kila kizuizi kuonyesha kitambulisho. Kizuizi kimoja askari alimuuliza anakwenda kufanya nini. Alisema anakwenda kumwona mwanawe. "Mgonjwa?" "Bado," alisema, na askari akampisha.

Nuriya, mamake Mukhtar, alimwona kutoka mbali. Alikuwa mama mpana, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakusimama.

"Karibu," alisema, kwa namna inayosemwa kwa mtoza kodi. "Umemfuata? Amekulalamikia nini?"

"Hajalalamika."

"Mwanangu amempiga?"

"Hajampiga, Nuriya."

"Basi ni mitamba. Mukhtar alinipigia jana akitetemeka. Mtu wa Garsen anahesabu fito! Hata arobaini ya harusi haijapoa!"

Majirani walikuwa wameanza kusogea, huyu na mtungi, yule na mtoto mgongoni, wote wakiwa na shughuli za ghafla karibu na uzio huo. Mumina alihisi macho yao shingoni. Alitaka kujibu, alikuwa na majibu mazuri sana. Badala yake akapiga magoti mbele ya mkwe mwenzake, watu wakiona, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu yeyote.

"Dada yangu. Nifiche ndani ya nyumba yako nikuambie."

Nuriya akavua miwani. Kisha akasimama.

Alimwambia yote. Alipofika kwenye neno lenyewe, Nuriya aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mmeniletea mauti ndani ya uzio wangu," alisema kupitia vidole, "kwa nyimbo!"

"Sikujua."

"Na mimi nilizipokea! Mimi mwenyewe, na vigelegele!"

Wakamwita Ikran. Aliingia amekonda, duara jeusi chini ya macho, akamwona mamake na akasahau hata kusalimu. Mumina hakuzunguka.

"Ile kwenye ngozi. Uliikuta?"

Ikran aliinamisha kichwa. "Siku ya kujenga. Nilishika mzigo nikahisi uzito. Nikanusa samli, nikajua ngozi ni ya Aba."

"Uliiweka wapi?"

"Chini ya kitanda. Ninailalia."

"Na hukumwambia mumeo?"

"Nilidhani ni amana." Akachuchumaa mbele ya mamake. "Nilidhani Aba ameituma kwa njia hiyo kusudi. Kwamba niitunze, nisimwambie mtu, atakuja kuichukua. Nikasikia tangazo la chifu. Mwenye nyumba, walisema. Nikasema, nyumba si yangu? Lakini nitaitoaje amana ya baba yangu bila ruhusa yake? Ayo, mama yangu, tangu siku ile sijalala. Nikifumba macho nasikia viatu."

Mumina alimtazama mwanawe, msichana ambaye mpaka juzi alikuwa anaogopa jogoo. Alikuwa amejiandaa kwenda jela kwa ajili ya kitu ambacho babake alikisahau kwenye uchaga. Kule Garsen, Sadik alikuwa na miezi ya kutafuta daktari wa kumpima akili. Binti huyu alikuwa na muda mpaka kesho tu.

Nuriya ndiye aliyeinuka kwanza. "Hakuna mwanamume hapa," alisema, "na asante Mungu, wangeanza kikao. Hema liko sokoni. Twende. Walisema nini kuhusu kitambaa?"

"Cheupe. Na risasi zitolewe."

"Nani anajua kutoa risasi?"

Wakatazamana. Ikran akasema kwa sauti ndogo, "Nilimwona Aba akifanya, nikiwa mtoto." Wakaingia nyumbani kwake, wote isipokuwa Mumina, aliyesimama nje ya kizingiti. Sheria ile angalau hakutaka kuivunja. Alisikia kitanda kikivutwa. Alisikia chuma kikigusana na chuma, akasoma kila dua aliyoijua. Kisha Ikran akatoka na kasha la risasi kwenye sufuria, amelishika kama linachemka, na Nuriya nyuma yake na bunduki mikononi, imeviringwa kanzu.

"Hiyo si kanzu ya Mukhtar ya Ijumaa?" Mumina aliuliza.

"Ndiyo nguo nyeupe pekee kwenye uzio huu. Ataswali na shuka."

*

Wanawake watatu walipita katikati ya soko la Nanighi, mchana kweupe, na mtutu wa bunduki ulikuwa ukichungulia kwenye mkono wa kanzu. Wauza miraa walinyamaza. Mpanda boda mmoja aitwaye Guracha alizima pikipiki, akawatazama, akauliza, "Kina mama, vita ni wapi?"

"Kwa mamako!" Nuriya alimjibu bila kupunguza mwendo, na soko likacheka, na kicheko kile kikawasukuma mpaka mlangoni mwa hema.

Sajini wa pale alikuwa mtu mzima, amezoea wanaume wanaokuja usiku na magunia. Alisimama. Nuriya akailaza mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Ikran akaweka sufuria kando yake.

Sajini alifungua kanzu, akakagua, akapuliza hewa. "Nzima kabisa. Imetunzwa na samli." Akainua macho. "Ya nani?"

Ikran alikuwa amemshika mamake mkono, na kucha zake zilikuwa zinamchoma.

"Nimeuliza, ya nani? Ilikuwa nyumba gani?"

"Hilo ni swali?" aliuliza Mumina.

"Ni swali, ndiyo."

"Mlisema kwa kipaza sauti hakuna swali. Mimi nilikuwa kisimani, nimesikia kwa masikio haya. Leta, weka mezani, hakuna swali. Sasa tumeleta. Tumeweka. Au kipaza sauti kile kilikuwa cha kutuitia mtegoni?"

Nje ya hema watu walikuwa wamekusanyika, na kimya chao kilikuwa cha watu wanaosubiri kujua. Wangapi kati yao walikuwa na kitu chini ya samadi, juu ya dari, ndani ya kisima kikavu? Sajini aliwatazama watu wale kwa muda. Hakuwa mjinga. Alijua kwamba jibu lake kwa wanawake hawa litafika maboma yote kabla ya alasiri.

Akakaa chini.

"Hakuna swali," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Imepokelewa. Nendeni nyumbani, mama zangu. Asanteni."

Ikran alitoa pumzi ndefu, ikawa kana kwamba ametoa na mifupa. Ilibidi Nuriya amshike kiuno. Lakini Mumina hakuondoka.

"Sasa piga Garsen," alisema. "Uwaambie ile ya Godana imefika."

Sajini akacheka bila kutaka. "Mama, si sasa hapo umejibu swali?"

"Sijaulizwa. Nimesema mwenyewe."

Simu ilipigwa, ikawekwa sauti ya wote kusikia. Ilichukua muda Kalama kupokea, na sajini alipomweleza, kijana yule alipiga kelele iliyofanya kipaza kikwaruze. "Ile ya mzee wa iko lakini haiko? Wallahi imeonekana? Mzee mwenyewe yuko hapa nje, amekuja tangu alfajiri kujisalimisha! Anasema tumfunge yeye, tuwaache watoto!"

Mumina aligeuza uso wake pembeni.

Punde simu yake mwenyewe ililia. Godana hakusalimu wala hakuuliza mvua. "Wamenirudishia kitambulisho," alisema, na pua yake ilikuwa imeziba. "Yule mkubwa hakunitazama, lakini wamenirudishia. Kalama amenipa kiti. Ikran je?"

"Yuko hapa. Hakuna aliyemgusa."

"Hakuna?"

"Hakuna, Godana."

Godana akapenga kamasi. Kisha akasema, "Mwambie haikuwa amana. Mwambie babake ni mjinga tu."

"Hilo nitamwambia vizuri," alisema Mumina.

*

Watu walianza kuja. Mzee mmoja alipita na kitu kirefu kwenye shuka nyeupe, akifuatwa na wanawe wawili, halafu mwingine. Nuriya alibaki hemani akisubiri kurudishiwa kanzu, na alikuwa anagombana na askari kuhusu doa la samli.

Mumina na Ikran walikwenda kukaa kwenye kivuli cha duka, pale magari ya Hola yanapopakia. Ikran alikuwa akisema jambo kuhusu mbuzi aliyezaa mapacha, na jinsi Mukhtar alivyombeba mmoja shingoni, na katikati ya maneno sauti yake ikapungua, kichwa kikainama, kikatua kwenye paja la mamake. Alikuwa amelala. Mdomo wazi, mate yakimtoka kidogo, kama alivyokuwa akilala zamani.

Dereva alipiga honi. "Mama wa Garsen! Panda, tunakwenda! Ni la mwisho mpaka kesho!"

Mumina alimfanyia ishara kwa kidole mdomoni, akampungia mkono aende zake. Gari likaondoka na vumbi lake. Akavuta ncha ya buibui akamfunika mwanawe uso, nzi wasimsumbue, akanyoosha miguu.